Asante ya Punda: Kivutha Kibwana na Deni la Mpiga Kura

Asante ya punda ni mateke. Agosti 2022, matokeo ya useneta wa Makueni yalipotoka, niliisikia methali hiyo mara tatu kwa siku moja, na hakuna hata mara moja iliyotoka kwa mtu wa Makueni. Ilitoka kwa wanahabari wenzangu wawili, halafu kwa rafiki yangu mmoja mhadhiri ambaye kwa miaka mingi alikuwa akituambia kwamba kama Wakenya wangepiga kura kwa akili, Kivutha Kibwana angekuwa Ikulu. Kibwana alikuwa amemaliza mihula yake miwili ya ugavana, ile ambayo katiba inaruhusu, akaomba kiti cha seneta. Akanyimwa. Kiti kikaenda kwa Dan Maanzo wa chama cha Wiper. "Hawa watu hawana shukrani," mhadhiri akasema, kisha akanyamaza kama mtu aliyefiwa.

Sikumjibu siku hiyo. Lakini neno lake limenikaa, maana ndani yake kuna dai zito kuliko linavyoonekana. Kwamba kiongozi akikufanyia kazi nzuri unakuwa na deni kwake, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kura. Ni kweli?

Tuanze na mtu mwenyewe, kwa sababu safari yake haikuwa ngazi ya kupanda tu. Kabla ya siasa za kura Kibwana alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akafika kuwa mkuu wa kitivo. Miaka ya tisini, KANU ikiwa bado KANU, alikuwa mmoja wa sauti kubwa za NCEC, lile kundi la 1997 lililowatoa watu barabarani kudai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi. Mwaka 2002 akaingia bungeni na wimbi la NARC kama mbunge wa Makueni. Akawa waziri msaidizi, kisha waziri kamili, kwanza Mazingira halafu Ardhi. Mwaka 2007 akarudi kuomba tena, watu wake wakamkataa. Waziri mzima! Rais Kibaki akamchukua kuwa mshauri wake wa mambo ya katiba, na ndiyo kazi aliyokuwa nayo katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo ilizaa kaunti 47, na mwaka 2013 profesa akarudi nyumbani na chama kidogo kiitwacho Muungano, akashinda ugavana. Mwaka 2017 akashinda tena, safari hii kwa tiketi ya Wiper, chama cha Kalonzo Musyoka, ambacho Kibwana mwenyewe alikuwa mwenyekiti wake kabla hawajakosana.

Kwa hiyo wanaoshangaa kwamba Makueni ilimtupa mwaka 2022 wanasahau kwamba ilishamtupa mara moja. Na sidhani ni kuvuta mambo kwa nguvu nikisema kwamba kule kutupwa kwa kwanza kulikuwa na mchango wake katika kumpata gavana tuliyemsifu baadaye. Mtu aliyewahi kuwa waziri akapoteza kiti kijijini kwake hujifunza jambo ambalo kitivo cha sheria hakifundishi.

Sasa, alifanya nini hasa? Hapa nitakaa kidogo, maana bila hili swali la shukrani halina uzito. Makueni ni kukavu. Mito mingi ni ya msimu. Kiangazi unaona mchanga tu, na hata huo mchanga unagombaniwa, kwa sababu Nairobi inajenga usiku na mchana na malori yanautaka. Mwaka 2015 kaunti ilitunga sheria ya kuulinda, kwa hesabu rahisi ambayo kila mama wa huko anaijua: mchanga ukiondoka, maji yaliyojificha chini yake nayo yanaondoka. Kule Kalamba kikajengwa kiwanda cha kusindika maembe, katika eneo ambalo mkulima alikuwa akiyauza kwa bei ya dalali au akiyaangalia yanaoza. Mwaka 2016 ukaja mpango wa matibabu wa MakueniCare: familia ilikuwa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa tena. Kule Wote ikajengwa hospitali ya mama na mtoto.

Lakini majengo hata magavana wengine walijenga. Kilichowafanya maafisa wa kaunti nyingine wapande magari kwenda Makueni kujifunza ni kitu kisichopigika picha. Bajeti ilianza kujadiliwa kijijini, na Makueni ina vijiji zaidi ya 3,000. Vijiji vikakusanywa katika makundi, makundi yakapanda hadi wadi, wadi hadi kaunti ndogo, kila ngazi ikichagua inachokitaka kwanza. Mradi ukishaanza, wananchi wa hapo hapo wakawa na kamati ya kuusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi. Nani amewahi kumwona mkandarasi wa Kenya akimbembeleza mkulima amtilie sahihi? Mimi hiyo picha ningeilipia kiingilio.

Na haikuwa bure. Septemba 2014 mvutano kati ya gavana na bunge la kaunti, mvutano ambao mzizi wake ulikuwa bajeti, ulifika mahali risasi zikafyatuliliwa Wote na watu wakajeruhiwa. Wakazi wakatia sahihi ombi la kutaka serikali yote ya kaunti ivunjwe. Yote, maana sheria haimfukuzi mwakilishi wa wadi ikamwacha gavana. Ingevunjwa, hata yeye angerudi kwa wapiga kura. Tume ya uchunguzi ikapendekeza ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, na wote wakabaki wakitazamana hadi 2017.

Basi huyo ndiye mtu aliyenyimwa useneta. Unaelewa kwa nini rafiki yangu aliumia.

Lakini hebu tuliangalie lile dai la deni. Sisi Waswahili, na waliojifunza Kiswahili kwenye majukwaa ya Nyerere, tunasema cheo ni dhamana. Tunalisema bila kulifikiria. Dhamana ni kitu cha mtu ulichokabidhiwa. Nikikuachia mbuzi wangu nikasafiri, nikarudi nikamkuta amenenepa na ana watoto wawili, nitakushukuru kwa moyo wote. Nitakusifu kwa majirani. Pengine nitakupa mmoja wa wale watoto. Lakini sitasema kwamba sasa nina deni la kukuachia na ng'ombe. Ng'ombe ni swali lingine. Pengine wewe ni hodari wa mbuzi tu. Pengine safari hii sisafiri.

Hospitali ya Wote ilijengwa kwa pesa za umma. MakueniCare ilikuwa na ile shilingi 500 ya kila familia, na iliyobaki ilitoka kwenye mfuko wa kaunti. Kibwana hakutoa mfukoni, na kwa haki yake sijamsikia akidai alitoa. Alichotoa ni uaminifu, akili na ukaidi fulani wa kiprofesa. Hivyo ni vitu adimu hapa kwetu, na ndiyo sababu tunavichanganya na zawadi. Tumeibiwa muda mrefu hadi asiyeiba anaonekana ametupa kitu.

Na sasa fuata hoja ya deni mpaka mwisho uone inakotupeleka. Kama kura ni asante kwa aliyekutendea, basi yule mgombea anayekuja usiku na pakiti ya unga wa kilo mbili, leso na noti ya mia mbili ana dai la aina ile ile, dogo tu kidogo. Tena tukiwa wakali, dai lake lina nguvu zaidi, kwa sababu unga ameununua yeye (tuseme hivyo, tusiulize pesa alizipata wapi) ilhali hospitali ilijengwa kwa kodi yako wewe. Rafiki yangu mhadhiri hukasirika sana na wanaouza kura kwa unga. Lakini anaposema Makueni ilipaswa kumlipa Kibwana kwa kura, amekubali sarafu ile ile. Anabishania bei tu.

Hili si la Makueni peke yake. Uchaguzi ule wa 2022 wote ulijaa lugha ya deni. Mlima Kenya wana deni la William Ruto, tuliambiwa, kwa sababu alimsaidia Uhuru 2013 na 2017, na ile ahadi ya "yangu kumi, yake kumi" ikarushwa hewani kila jioni kama hati ya mkopo. Wengine wakajibu hakuna deni. Ninachokumbuka ni kwamba karibu wote waliobishana, wa huku na wa kule, walikubaliana kimya kimya kwamba mamilioni ya watu wanaweza kuwekwa rehani na mtu mmoja kwa niaba yao. Walitofautiana tu kama rehani hiyo ilitiwa sahihi.

Seneca, yule Mrumi aliyeandika vitabu saba juu ya fadhila na namna ya kuzipokea, alijiuliza kama mtu asiye na shukrani anafaa kushtakiwa. Akaona hapana. Fadhila ikishaweza kudaiwa mahakamani imegeuka mkopo, na aliyeitoa amegeuka mkopeshaji. Wahenga wetu walilifupisha hilo: tenda wema nenda zako. Si kwamba waliona shukrani haina maana. Waliona kwamba anayesimama mlangoni kuingoja anaharibu kile alichokitenda.

Nimeifikiria pia ile ya punda. Ukambani punda ni jambo la kila siku. Ndiye anayebeba mitungi ya maji kutoka mtoni au kwenye kisima hadi nyumbani. Sasa katika methali yetu analaumiwa kwa kupiga mateke baada ya kufadhiliwa. Kufadhiliwa na nini? Majani na maji. Maji aliyoyabeba yeye! Methali hii ilitungwa na mwenye punda. Tungemwuliza punda nani anapaswa kumshukuru nani, hesabu ingeanza mahali pengine kabisa.

Niwe mwangalifu hapa, kwa sababu kuna jibu zito. Ukiondoa shukrani katika kura, umeondoa pia sababu ya kiongozi kujisumbua. Kama mwaminifu na mwizi wote wanaweza kuangushwa, kwa nini mtu asiibe akiwa bado ana nafasi? Swali hili nimeulizwa na watu ninaowaheshimu, na sitalifukuza kwa maneno matamu. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi ya jana inaweza kuingia kwenye kura bila kuwa deni. Inaingia kama ushahidi. Mpiga kura anauliza: huyu anataka kazi gani sasa, na niliyoyaona yananiambia nini juu ya namna atakavyoifanya? Mwaminifu ana faida kubwa katika swali hilo. Ana faida, lakini hana haki ya kushinda.

Na ukiliuliza hivyo kuhusu useneta, mambo yanakuwa magumu kwa namna ambayo sifa zetu hazikuiona. Gavana anajenga, anaajiri, anatumia. Seneta hatumii. Kifungu cha 96 cha katiba kinampa kazi ya kutetea kaunti, na vilevile ya kusimamia pesa ambazo kaunti zinapata kutoka serikali ya kitaifa. Yaani gavana anaitwa na kamati ya Seneti, anakalishwa, anaulizwa hii milioni ilikwenda wapi. Na ripoti za Mkaguzi Mkuu hazifiki siku ile ile. Zinachelewa, zinaweza kujadiliwa wakati aliyetumia pesa ameshaondoka ofisini. Mweke sasa gavana wa jana kwenye kiti cha seneta wa leo. Hata akiwa malaika, anaweza kujikuta upande wa wanaouliza, wakati maswali yanahusu miaka yake mwenyewe.

Halikuwa tatizo la Kibwana peke yake. Mwaka huo huo Ali Roba wa Mandera na Jackson Mandago wa Uasin Gishu walitoka ugavana wakaenda moja kwa moja Seneti, na wapiga kura wao wakakubali. Huko kwingine mkondo ulikuwa kinyume: Mutula Kilonzo Junior, aliyekuwa seneta wa Makueni tangu 2013, ndiye aliyeingia ofisi ya gavana Kibwana alipotoka. Maanzo naye alitoka kiti cha ubunge wa Makueni, kile kile ambacho Kibwana alikipoteza 2007. Ukichora mishale kwenye karatasi utaona watu watatu wakizungushana viti vitatu, na hakuna ubaya wowote wa kisheria ndani yake. Lakini zile ngazi mbili za serikali, ambazo katiba ilizitenganisha ili moja iichunge nyingine, zinaanza kufanana na vyumba vya nyumba moja.

Je, watu wa Makueni ndivyo walivyofikiri walipomnyima? Sidhani. Tuseme ukweli: ilikuwa kura ya chama. Gavana Wiper, seneta Wiper, mwakilishi wa wanawake Wiper. Kalonzo ni Kalonzo, na Kibwana alikuwa amemwacha mkono, akaomba kiti akiwa nje ya chama kinachotawala mawazo ya eneo zima. Katiba inampa Mkenya karatasi sita, za rangi sita, ili ajibu maswali sita. Watu wengi hujibu moja, halafu wanalinakili mara tano. Hilo mimi linanichosha zaidi ya ukosefu wa shukrani wowote. Mtu aliyesoma bajeti ya kijiji chake, akakaa kwenye kamati, akamkatalia mkandarasi sahihi, halafu siku ya kura akaangalia alama ya chama tu, ameweka akili yake mfukoni kwa siku moja. Lakini hata hivyo siwezi kumwita mwizi wa deni. Akili ni yake, mfuko ni wake.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wanahabari hatukisemi. Plutarch anasimulia juu ya Aristides wa Athens, mtu aliyejulikana kwa jina la Mwenye Haki. Mwaka 482 KK wananchi walikuwa wakipiga kura ya kumfukuza mtu mjini, wakiandika jina kwenye vigae. Mtu mmoja asiyejua kusoma akamwendea Aristides, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Kwani amekukosea nini? Hakuna, akasema, hata simjui, nimechoka tu kusikia kila mahali anaitwa Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake mwenyewe akamrudishia kigae.

Siku zote nilimwona yule mtu kama mjinga wa hadithi. Sasa sina hakika. Kwa miaka kadhaa sisi wa Nairobi tuliandika juu ya Makueni kama mahujaji. Gavana bora, gavana wa mfano, angalieni Makueni. Katika habari hizo wananchi walikuwa wale wanaopiga makofi nyuma ya profesa, wakati mfumo wenyewe aliousifia ulikuwa ni wao: wao ndio waliokaa kwenye jua kubishania birika lije kabla ya zahanati au baada. Ningekuwa mtu wa Mbooni au Kibwezi, nikaambiwa mara ya hamsini kwamba kila kizuri nilichonacho ni bidii ya mtu mmoja, pengine na mimi ningetafuta kigae.

Aristides, kwa njia, aliitwa arudi miaka miwili baadaye, Waajemi walipokuja. Akaenda, akapigana. Plutarch hasemi kama kuna aliyemwomba radhi.

Ninamshukuru Kibwana. Mimi si wa Makueni, sikuwa na kura pale, kwa hiyo ni rahisi kwangu. Namshukuru kwa sababu ukimwambia gavana yeyote leo kwamba wananchi wanaweza kutia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa, hawezi tena kukujibu kwamba haiwezekani. Na kule Wote hospitali bado inafanya kazi. Mama anayefika usiku na uchungu wa uzazi anaandikwa jina, umri na kijiji anachotoka. Haulizwi mwaka 2022 alitia alama wapi kwenye ile karatasi ya seneta.